Kariakoo inapopanda ghorofa, mteja wa Lubumbashi atanunua wapi?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MFANYABIASHARA anayetoka Lubumbashi, Ndola au Bujumbura kuja kununua bidhaa Dar es Salaam anafika asubuhi, anaacha begi lake gesti, na kabla jua halijazama amekwisha kukusanya vitenge, sahani za plastiki, vipodozi, viatu vya watoto, vipuri vya pikipiki na pengine friji mbili. Vyote hivyo amevipata katika maduka kumi au kumi na tano tofauti, na umbali wote aliotembea hauzidi kilomita mbili. Jioni mzigo unafungwa robota, unaandikwa jina kwa kalamu nzito na kupelekwa kwa msafirishaji. Kesho yake yuko njiani kurudi kwao.

Eneo linalowezesha jambo hilo ni Kariakoo. Wasomaji wetu wa Zambia, Kongo, Malawi, Burundi na Visiwa vya Komoro wanalijua pengine kuliko wakazi wengi wa Masaki. Na katika miaka michache iliyopita eneo hilo limepitia mambo mfululizo: soko kuu liliungua usiku wa Julai 10, 2021, wafanyabiashara walifunga maduka kwa mgomo Mei 2023 na tena Juni 2024, jengo la ghorofa likaporomoka Novemba 16, 2024, Julai 2025 serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na Agosti 2025 kikazinduliwa kituo kikubwa cha biashara Ubungo, ambacho wengi walikiona kuwa mshindani wa Kariakoo.

Kila tukio kati ya hayo lilijadiliwa kivyake. Moto ulikuwa habari ya zimamoto, mgomo ukawa habari ya kodi, jengo likawa habari ya wahandisi, na amri ya Julai ikawa habari ya wageni. Makala haya yanayatazama kwa pamoja, kwa sababu chini ya yote kuna jambo moja ambalo halijapewa nafasi yake katika mijadala: Kariakoo ni mtaa wa watu uliogeuka kuwa ghala la nchi jirani, na faida ya ghala hilo inatokana na ule utaratibu wa mtaa. Ukiuondoa mtaa, ghala linabaki kuwa maghorofa tu, na maghorofa yako hata Lusaka.

Kambi ya wapagazi

Jina lenyewe linatokana na vita. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, eneo hilo la magharibi mwa Mnazi Mmoja lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukalifanya Kariakoo. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuupanga mji kwa matabaka: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika nyuma ya uwanda mtupu wa Mnazi Mmoja. Waingereza waliendeleza mpango huo. Kariakoo ikakatwa viwanja vidogo vidogo vilivyonyooka, mitaa ikapishana kama mistari ya daftari la hesabu, na soko likawekwa katikati.

Majina ya mitaa yanaeleza waliokuja kukaa na waliyoyapitia. Kuna Nyamwezi, Pemba, Lindi, Swahili na Kongo. Kuna Mahiwa, jina la mapigano makali ya Oktoba 1917 kusini mwa nchi, ambayo wapagazi wengi hawakurudi kuyasimulia. (Mtaa wa Kongo umepata maana mpya siku hizi, maana asubuhi ya siku ya mzigo mtu anaweza kusikia Kiswahili cha Lubumbashi na Kilingala kuliko Kizaramo.)

Nyumba iliyojengwa katika viwanja hivyo ilikuwa ya aina moja: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, baraza mbele na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na vilivyobaki akapangisha. Mtu aliyefika kutoka Rufiji, Kilwa au Tabora alipata chumba, akawajua majirani kupitia ule ua, na akifungua biashara aliianzia kwenye baraza. Ni nyumba iliyobeba makazi, biashara na utambulisho kwa wakati mmoja. Ndiyo maana historia nyingi ya nchi imepita hapo. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 katika nyumba iliyo kwenye mtaa unaoitwa sasa Lumumba. Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wake, alikuwa mkuu wa soko la Kariakoo. Simba na Yanga, klabu ambazo mashabiki wake leo wako hadi Kigoma na Bukavu, ni watoto wa Kariakoo na Jangwani.

Soko lililoungua mwaka 2021 lilifunguliwa mwaka 1975 na lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Paa lake limefanywa kama miavuli mikubwa ya zege iliyosimama pamoja, mfano wa soko la wazi chini ya miti, na chini yake kuna shimoni palipotengwa kwa biashara ya jumla. Ni moja ya majengo machache ya mjini ambayo mbunifu alianza kwa kuuliza watu wa hapa wanauzaje, ndipo akachora. Baada ya moto, serikali ilitenga takribani shilingi bilioni 28 za kulikarabati na kujenga jingine pembeni yake. Uamuzi wa kuliacha jengo la Amuli lisimame, badala ya kulivunja, ulikuwa mzuri na haukusifiwa vya kutosha.

Jinsi nyumba inavyopanda

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba, vitambaa na vyombo vya nje vikaanza kumiminika. Chumba cha mbele cha nyumba ya Kiswahili kikageuzwa fremu, kisha vyumba vyote viwili vya mbele, kisha ukumbi wenyewe ukawa njia ya maduka. Hatua iliyofuata ilikuwa kwenda juu.

Msomaji asiyeijua Kariakoo anaweza kudhani wenye nyumba waliuza viwanja wakaondoka. Wapo waliouza, lakini utaratibu ulioenea ulikuwa wa ubia. Mwenye kiwanja anatoa ardhi, mwenye fedha anajenga, kisha wanagawana sehemu za jengo kwa mkataba: familia inapata ghorofa moja au mbili juu, au idadi fulani ya vyumba na fremu, na mwekezaji anapata zilizobaki. Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008 iliweka msingi wa mtu kumiliki sehemu ya ghorofa kwa hati yake, ingawa ubia wenyewe ulikuwapo kabla ya hapo.

Kwa karatasi hilo ni jambo la haki. Mtoto wa mpagazi wa zamani anabaki na mali katikati ya jiji. Tatizo linaanza baadaye. Familia ya zamani ina warithi wengi, na ghorofa mbili hazigawanyiki kwa warithi kumi na wawili. Fremu ya chini inadaiwa kilemba kikubwa kabla hata kodi ya mwezi haijatajwa, na kodi nayo inatakiwa ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Vyumba vya juu vinakodishwa kuwa stoo kwa sababu stoo inalipa kuliko mpangaji mwenye watoto. Basi warithi wanauza sehemu zao kimoja kimoja, wanahamia Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika au Kigamboni. Jengo linabaki bila mtu anayelala ndani yake isipokuwa mlinzi.

Hapo ndipo mabadiliko ya kweli yalipo, na hayaonekani kwa mtu anayepita na gari. Mtaa wenye wakazi una macho usiku. Una mtu anayejua bomba la maji linapita wapi, anayelalamika jirani anapochimba, anayepiga kelele akiona moshi. Mtaa wa stoo hauna mtu huyo.

Kuna jambo jingine, na hili ni la vipimo. Viwanja vya Kariakoo vilikatwa kwa nyumba ya chini yenye ua. Mtu akitaka kujenga ghorofa nane au kumi kwenye kiwanja hicho hicho, anajenga mpaka kwenye mstari wa jirani pande zote, ua unakufa, na mlango wa dharura hauna pa kutokea. Gari la zimamoto halipiti. Magari ya mizigo yanapakulia barabarani. Na kwa kuwa juu kumejaa na mbele kumejaa, mwenye tamaa anatazama chini.

Novemba 16, 2024

Asubuhi ya Jumamosi hiyo jengo la ghorofa kadhaa lililopo makutano ya mitaa ya Mchikichi na Kongo liliporomoka likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Uokoaji ulichukua siku nyingi, watu wakisikika wakiita kutoka chini ya kifusi. Waliopoteza maisha hawakupungua 29. Taarifa za siku zile zilieleza kuwa kulikuwa na kazi za kupanua eneo la biashara chini ya jengo. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza majengo yote ya Kariakoo yakaguliwe, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda timu ya watu 19 kwa kazi hiyo.

Haikuwa mara ya kwanza kwa jiji hili. Machi 29, 2013 ghorofa refu lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, upande wa pili wa Mnazi Mmoja, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Wakati ule nao ukaguzi uliagizwa.

Kwa mtazamo wa mwandishi, ukaguzi ni lazima, lakini unajibu swali la jengo moja moja wakati ugonjwa ni wa mtaa mzima. Mhandisi anaweza kuthibitisha kuwa nguzo za kiwanja fulani ni imara. Hawezi kuthibitisha kitakachotokea jirani atakapochimba shimoni mwezi ujao kwenye udongo ule ule, hatua chache kutoka msingi ule ule. Viwanja vinapogusana, kila mwenye jengo anashikilia uhai wa mwenzake. Wakazi wa zamani walilijua hilo bila kuambiwa, kwa sababu ukuta wa uani ulikuwa mmoja. Mfanyabiashara aliyepanga fremu kwa miezi sita halijui, na hana sababu ya kulijua.

Na waliokufa siku ile hawakuwa wenye majengo. Walikuwa wauzaji wa dukani, wapagazi, wateja. Mteja wa nchi jirani anayepanda ngazi kutafuta bei nzuri ghorofa ya tatu hana namna ya kujua jengo lina kibali cha ghorofa ngapi. Kwa kiwango hicho suala la mipango miji ya Dar es Salaam ni suala la usalama wa raia wa Zambia na Kongo pia.

Kwa nini wanakuja

Ili kuelewa kinachoweza kupotea ni vizuri kufanya hesabu ya mteja huyu. Bidhaa nyingi anazonunua zimetoka Guangzhou, Yiwu, Dubai au Istanbul. Zimelipiwa ushuru na kodi ya ongezeko la thamani bandarini Dar es Salaam. Akizifikisha Nakonde au Kasumbalesa atalipa tena ushuru wa kwao. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 haumsaidii, kwa sababu unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, na Zambia na Malawi si wanachama hata hivyo. Zambia, Malawi na Kongo ziko COMESA, ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Kisheria, bidhaa inayouzwa nje haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, lakini anayenunua dazeni mbili hapa na katoni tatu pale anaikuta kodi imekwisha kuingia kwenye bei.

Kwa hesabu hiyo hapaswi kuja kabisa. Angeagiza mwenyewe China. Anakuja kwa sababu mtaji wake haujazi kontena, na hata ukijaza, kontena la sahani tupu litamchukua mwaka kuliuza. Anachohitaji ni mchanganyiko: kidogo cha kila kitu, leo, na bidhaa anaiona kwa macho. Baada ya safari tatu au nne anaanza kupata mali kauli, yaani anachukua mzigo anaoahidi kuulipa safari ijayo, bila karatasi wala dhamana, kwa sababu mwenye duka anamfahamu na anamfahamu aliyemleta. Hakuna benki ya Kitwe itakayompa mkopo wa namna hiyo.

Mchanganyiko huo unahitaji maduka madogo mengi yaliyokaribiana. Unahitaji winga anayejua nani ameshusha mzigo jana. Unahitaji mpagazi wa mkokoteni, fundi wa kufunga robota, mama lishe, gesti ya bei nafuu, na msafirishaji anayekusanya mizigo ya watu ishirini katika lori moja la kwenda Tunduma. Kila mmoja kati ya hao anakula kidogo kutoka kwenye safari moja ya mteja. Hakuna aliyewapanga. Walikua pamoja na mtaa, na ofisi nyingi zinapowatazama zinaona msongamano.

Migomo ya 2023 na 2024 ilitokana na hapo. Wenye maduka walilalamikia mambo kadhaa, yakiwamo usajili wa stoo na kile walichokiita kamatakamata, ambapo mzigo wa mteja ulisimamishwa barabarani kwa kukosa risiti au kwa risiti kutolingana. Walisema wazi kuwa wateja wa nje walikuwa wameanza kukimbilia nchi nyingine. Waziri Mkuu alikwenda kukutana nao Mnazi Mmoja Mei 2023 na kuamuru baadhi ya mambo hayo yasitishwe, na bajeti ya mwaka huo ikapandisha kiwango cha kujisajili kodi ya ongezeko la thamani kutoka mauzo ya shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Mwaka mmoja baadaye maduka yalifungwa tena. Serikali ina haki ya kudai risiti. Hilo halina mjadala, na wapo wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwepa kodi kwa ustadi mkubwa. Lakini kumkamata mnunuzi kwa kosa la muuzaji ni kumfundisha mnunuzi njia ya kwenda Kampala.

Mgeni anayeuza na mgeni anayenunua

Malalamiko dhidi ya wafanyabiashara wa kigeni, hasa Wachina, yalikuwa yakipanda kwa muda mrefu. Kiini chake kilikuwa rahisi: zamani Mtanzania aliagiza China na kuuza Kariakoo, sasa aliyekuwa akimuuzia China amekuja kufungua duka jirani naye, na anauza hadi rejareja. Mwanzoni mwa 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara iliunda kamati ya kuchunguza suala hilo. Julai ikatoka amri. Miongoni mwa biashara 15 zilizofungwa kwa wasio raia ni uuzaji wa jumla na rejareja (isipokuwa maduka makubwa ya kisasa na wauzaji wa jumla wa bidhaa za wazalishaji wa ndani), utumaji fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, udalali wa nyumba na wakala wa kutoa mizigo bandarini. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha kuishi.

Kenya ililalamika mapema, ikitaja Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 2010. Mjadala huo tumeuzoea kati ya Nairobi na Dar es Salaam na una njia zake za kwenda na kurudi. Kwa Kariakoo hatari yake imejificha mahali pengine. Amri inamgusa mgeni anayeuza, lakini mitaani mgeni ni mgeni. Wako Wakongo na Warundi ambao kazi yao ni kukaa Dar es Salaam kwa wiki kadhaa, kupokea fedha za wenzao walioko nyumbani, kuwanunulia na kuwapakilia. Je, hao ni wanunuzi au ni mawakala? Fedha wanazopokea kwa simu kwa niaba ya watu kumi ni biashara ya kutuma fedha? Askari au ofisa wa mtaa akiachiwa ajibu mwenyewe, atajibu kwa namna inayomfaa siku hiyo. Maelezo mafupi ya wizara yanayomtofautisha mnunuzi wa mpakani na mwenye duka, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Kifaransa na kubandikwa kwenye gesti, yangeondoa hofu nyingi kwa gharama ya karatasi.

Ubungo na Kwala

Kituo cha Ubungo kimejengwa palipokuwa na stendi ya mabasi ya mikoani, iliyohamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021. Kina maduka zaidi ya 2,000 na kilijengwa kwa mtaji wa Kichina, kikitajwa kuwa mahali ambapo mteja wa Afrika Mashariki na Kati atapata bidhaa za China bila kwenda China. Siku moja kabla ya uzinduzi wake ilizinduliwa bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani, pamoja na usafirishaji wa mizigo kwa reli ya kisasa. Nchi jirani, Burundi na Kongo zikiwamo, zimetengewa maeneo huko Kwala kwa ajili ya mizigo yao.

Kwala ni habari njema kwa jiji isiyo na kasoro kubwa. Lori la Zambia halina sababu ya kuingia hadi barabara ya Mandela kuchukua kontena lililofungwa. Kila kontena linalotoka Dar es Salaam kwa reli ni hewa safi kwa watu wa Kurasini na Temeke.

Ubungo ni suala gumu zaidi. Wapo wanaosema litaiua Kariakoo, na wapo mjini wanaolitamani hilo ili Kariakoo ipumue. Mwandishi haamini mojawapo. Anayenunua kontena zima au nusu atakwenda Ubungo na atafurahia maegesho na lifti. Anayechanganya atarudi Kariakoo, kwa sababu kilemba cha jengo jipya hakimruhusu muuza vifungo na zipu kuwapo, na bila muuza vifungo na zipu fundi nguo wa Kolwezi hana safari. Hatari ni kwamba mipango itaelekea Ubungo, na Kariakoo itaachiwa iendelee kupanda bila mpango, ikiwa na wateja wale wale maskini zaidi ndani ya majengo yale yale.

Kinachoweza kufanyika

Jiji la watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 haliwezi kubakiza nyumba za chini katikati yake ili zitazamwe. Hakuna mkazi wa Kariakoo aliyewahi kuomba hivyo. Suala ni namna ya kupanda. Viwanja vinne au sita vikiunganishwa na kujengwa pamoja, msingi unakuwa mmoja, ua unarudi katikati kwa ajili ya kupakia na kupakua, ngazi za dharura zinapata pa kutokea, na fremu ndogo zinabaki upande wa barabara. Ubia wa wenye viwanja tayari wanaujua. Kilichokosekana ni kuwa na mtu wa kuwakutanisha majirani sita na mwekezaji mmoja, na sheria ya vibali inayompendelea anayejenga kwa pamoja kuliko anayejibana peke yake. Masharti ya ghorofa za makazi yanayokaguliwa kweli yangerudisha watu wa kulala mtaani. Kuchimba shimoni katika kiwanja kinachogusa jirani kungehitaji saini ya jirani huyo na mhandisi wake.

Mfano wa watu kurudishwa upo, na uko karibu. Magomeni Kota, nyumba za zamani za serikali ya mitaa zilivunjwa, wakazi wakasambaa kwa miaka kadhaa, na Machi 2022 yakafunguliwa maghorofa yenye nyumba 656 ambamo kaya 644 za wakazi wa zamani zilipewa nafasi ya kwanza. Ilichelewa, na wakazi walisumbuka sana, lakini majirani walirudi wakiwa majirani. Tofauti ni kwamba Magomeni ardhi ilikuwa ya umma, na serikali ilikuwa na sauti moja. Kariakoo ina wenye hati mamia, na kila mmoja ana mwekezaji anayemnong'oneza.

Maji nayo hayangoji. Kariakoo iko juu kidogo ya Jangwani, na kila msimu wa mvua kubwa bonde la Msimbazi linafurika na kuifunga barabara ya Morogoro, njia ile ile ya mabasi ya mwendokasi yanayoleta wateja na wauzaji tangu 2016. Mradi wa bonde hilo, uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022, unalenga kuinua daraja na kulipa bonde nafasi yake. Lakini nyua za Kariakoo zilizofunikwa zege zilikuwa zikinyonya mvua. Sasa mvua hiyo yote inashuka Jangwani kwa dakika chache.

Februari 2025 ulizinduliwa mpango wa Kariakoo kufanya biashara saa 24, taa na kamera zikawekwa. Kwa mteja wa mpakani ni nafuu kubwa: anayefika na basi la jioni anaweza kununua usiku na kuondoka alfajiri bila kulipia gesti siku ya pili. Kwa mtaa ni kipimo kingine, kwa kuwa soko la usiku linahitaji choo, maji na mtu anayejulikana wa kumlalamikia, vitu ambavyo zamani vilikuwa uani.

Na macho ya wawekezaji yamekwisha kuvuka barabara. Ilala, iliyokatwa viwanja vidogo vya aina ile ile miaka ya 1930, imeanza kupata maghorofa yake. Nyumba nyingi huko bado zina baraza na ua, wenye nyumba bado wanalala ndani, na bei za fremu bado zinazungumzika. Halmashauri ikitaka kujaribu ujenzi wa viwanja vilivyounganishwa, Ilala ina mitaa ambayo bado hakuna aliyechimba.